Injini ya Kuteremkia

Lusajo mwanangu,

Umeondoka asubuhi na rafiki yako Gwakisa kwenda Tukuyu kumuaga shangazi yako, nami nimepata nafasi ya kushika kalamu bila wewe kunichungulia begani. Kesho alfajiri basi litakuchukua hapo barabarani kwenda Dar es Salaam kununua pikapu. Ukirudi nayo hutarudi kukaa. Utashusha begi, utakula, kisha utakwenda zako Mbeya kupanga chumba na kubeba mizigo ya watu, Mbeya Kyela, Kyela Mbeya. Kwa hiyo kesho ndiyo naachana nawe, hata kama utakuwa unapita hapa mlangoni kila wiki.

Mambo ya kula vizuri, ya kuficha pesa, ya kutomwamini kila anayekuita kaka, hayo sitaandika. Shangazi yako ameshakwambia, na kama namjua vizuri, mpaka saa hizi bado hajamaliza. Mimi nataka tuzungumze injini. Najua utacheka. Utasema mama amejulia wapi injini, yeye na ungo wake. Miaka yote niliyosafirisha mchele nimekaa kiti cha mbele cha pikapu za watu, pale katikati, goti langu likigombana na mkono wa gia. Anayekaa pale huisikia injini kwa makalio kabla ya kuisikia kwa masikio. Cheka, lakini soma.

Wewe unataka injini yenye tabo, hiyo inayoipulizia hewa ipate nguvu. Tangu Gwakisa aanze kuendesha ile pikapu ya bosi wake sina raha ndani ya nyumba hii, asubuhi tabo, jioni tabo. Uliniambia, "Mama, ile ikishakolea, mlima wa Tukuyu unakuwa tambarare." Mjomba wako wa Karonga naye, siku ile alipovuka daraja la Songwe kutoka Malawi na mashuka yake ya kuuza, akatia lake: "Dada, chukueni ya petroli. Nyepesi, haina makelele, asubuhi unagusa tu imewaka." Nimewasikiliza nyote wawili. Mmoja anazungumzia kupanda, mwingine anazungumzia kuwaka. Tangu usichana wangu nasikia wanaume wakichagua magari, na sijapata kumsikia hata mmoja akiuliza litateremka vipi. Na sisi tunaishi chini. Kila gari la Kyela lazima literemke kwanza ndipo liwe la Kyela.

La mjomba wako tulimalize haraka. Petroli ni nzuri kwa mtu wa Karonga anayetembea kwenye lami na mashuka. Wewe utaingia Ikolo masika, kwenye ule udongo mweusi, na magunia ya mpunga yamefika juu ya kebini. Injini ya petroli inawashwa na cheche, na maji yakishafika kwenye plagi na nyaya zake, cheche hakuna. Nimeshakaa ndani ya moja katikati ya maji, na chura akiniangalia kama mwenye nyumba anayemwangalia mpangaji. Dizeli haina cheche ya kuzimwa na maji. Mradi isivute maji kwa njia ya hewa, itaguna na kupita. Basi dizeli tumekubaliana, na mjomba wako atanuna kisha atasahau.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito.

Baba yako alikuwa dereva wa pikapu ya tajiri mmoja wa mjini, wewe ukiwa bado hujaanza shule. Miaka ile haikuwa kama hii ya ruksa, ambapo mtu anaagiza gari Japani kama anavyoagiza chai. Dizeli ilikuwa adimu kuliko sukari, na sukari yenyewe tulikuwa tunaipangia foleni. Madereva wa njia hii wakawa na desturi yao. Wakifika pale juu, mteremko wa kuja kwetu unapoanza, wanazima injini, wanatoa gia na kuweka frii, gari linajiteremkia lenyewe mpaka huku chini. Mafuta yaliyookolewa hayakuwa ya tajiri tena. Yaliitwa mafuta ya mteremko, na yalikuwa haki ya dereva kuyanyonya kwenye dumu na kuyauza. Hakuna aliyeyaita wizi. Mashine ya kukoboa mpunga ya mzee wa kanisa letu ilizunguka kwa mafuta hayo hayo, na mzee mwenyewe alikuwa akiyapokea anasema ndaga fijo, asante sana, kwa sauti ya kutoa baraka.

Abiria nao walipenda. Injini ikizimwa, wanawake kule nyuma wanasikiana, maongezi yanakolea, mmoja anaanzisha wimbo, upepo wa ziwani unakuja na harufu ya mpunga. Mimi mwenyewe nimeteremka hivyo mara nyingi, nimekupakata, na nilikuwa nafurahi. Mtu akiuliza kama si hatari, madereva walikuwa na jibu lao, kuteleza si kuanguka, na gari zima linacheka.

Baba yako akifika nyumbani, mke mwingine angemuuliza umefikaje. Mimi nilikuwa namuuliza, "Leo umeteremka na nini?" Naye ananyanyua dumu, analitikisa nisikie. "Mama Lusajo, leo limefika shingoni." Siku dumu likifika shingoni, mboga ilikuwa samaki. Siku likija jepesi niliweka sahani bila neno. Sikuwahi kumgombeza, wala yeye hakuwahi kulalamika. Alichofanya ni kuanza kuzima mapema zaidi, juu zaidi, kwenye kona ambazo wenzake walikuwa bado wanaziogopa. Bati ulilolala chini yake miaka yote hii ni mafuta ya mteremko, na sahani yangu iliyokaa kimya ndiyo iliyoyadai. Hilo silifichi. Mji mzima unajua bati hili lilitoka wapi, na hakuna mama mwenzangu aliyekuwa na bati la namna nyingine.

Siku yenyewe nilikuwa hapo nje napepeta mchele, pale pale ninapopepetea sasa. Unaijua barabara yetu, mteremko unapoishia inanyooka kidogo, halafu daraja. Nikaiona pikapu inakuja. Sikuisikia, niliiona. Ilikuja kimya kabisa, kwa kasi, ikaipita nyumba yetu, ambapo siku zote alikuwa anasimama. Baba yako alikuwa karibu amesimama wima nyuma ya usukani, kichwa kimegusa paa. Hakunitazama. Nikadhani anacheza, anataka kunionyesha leo gari litafika wapi bila injini. Nikampungia mkono, Lusajo. Nilicheka, nikampungia mkono.

Haikufika darajani. Iliacha barabara kabla, ikaingia mtoni.

Utingo wake aliruka akavunjika mguu, akapona. Baada ya msiba alikuja na mkongojo wake kukaa nami. Nilimwuliza kama breki zilikatika. Akasema, "Hapana mama, breki zilikuwepo. Ila zilikuwa ngumu. Kona za juu alikanyaga zikashika. Akakanyaga tena zikashika kidogo. Baada ya hapo alisimama juu ya pedali kwa miguu yote miwili, pedali ikawa jiwe." Nikamwuliza kwa nini hakuwasha tena. Akasema, "Alijaribu. Alitoa mkono mmoja kutafuta ufunguo, gari likatuvuta kwenye korongo, akaurudisha mkono." Halafu akalia, nami nikamwekea chakula, maana sikuwa na kingine cha kumpa.

Ilinichukua muda kujua lile jiwe ni nini. Nilikuwa nauliza kila dereva niliyekaa naye mbele, mpaka wakanichoka. Nilichoelewa ndicho hiki. Mguu wa mtu peke yake hauwezi kusimamisha gari lenye mzigo. Anasaidiwa. Kwenye dizeli kuna pampu ndogo inayozungushwa na injini, nyingi huwa zimekaa nyuma ya altaneta, ile inayochaji betri; pampu hiyo inanyonya hewa, na huko kunyonya ndiko kunakoifanya pedali iwe laini. Injini ikizimwa, msaada uliobaki unatosha kukanyaga mara mbili tatu hivi. Baada ya hapo uko peke yako na mguu wako. Baba yako alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko wanaume wote niliowajua.

Kwa hiyo kule Dar, ukishaipenda pikapu moja, kabla ya kufunua boneti, kabla ya kuanza kubishana na muuzaji, fanya jambo moja kwa ajili yangu. Kaa kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa, gari limesimama mahali pa tambarare. Kanyaga breki. Itakuwa laini. Kanyaga tena, na tena. Utaisikia inapanda chini ya mguu wako, inakaza, mpaka inakataa. Hapo usitoe mguu haraka. Hicho ndicho alichokisikia baba yako kona za juu, tena wewe umekaa, hakuna korongo, hakuna magunia yanayokusukuma mgongoni. Halafu, mguu ukiwa bado palepale, washa injini. Kama pampu ni nzima, pedali itazama chini taratibu. Isipozama, mshukuru muuzaji, nenda gari jingine, hata kama rangi yake inang'aa kama meno ya mchumba.

Kuna na hili la taimingi. Injini nyingine, vyuma vyake vya ndani vinaendeshwa na mkanda, nyingine na gia. Muuzaji atakwambia mkanda ni mpya. Wote ni wapya midomoni mwao. Mkanda haupigi kelele unapochoka, unakatika siku hiyo moja, na injini inakufa hapo hapo, iwe unapanda au unateremka. Watu husikitikia vali zilizovunjika na gharama ya fundi. Mimi nawaza tu kona utakayokuwepo mkanda ukikatika. Ukiweza kupata ya gia, chukua ya gia, hata kama inaunguruma kama mgonjwa wa kifua. Ukikosa, basi badilisha mkanda Dar es Salaam kabla hujaanza safari ya kurudi, na usimame hapo uone kwa macho yako.

Pampu ya dizeli, hiyo nyingine inayosukuma mafuta, iwe ile ya kawaida, ya chuma tupu. Siku hizi naambiwa zinakuja zenye nyaya na kisanduku cha umeme, zina akili kuliko dereva. Ikipata wazimu njiani kule Igawa, ni fundi gani atakayezungumza nayo?

Haya, tabo yako. Sitakukataza. Najua nikikukataza utanunua mbili. Nakuomba tu uipime kwa upande wa pili. Tabo inaipa injini ndogo kifua cha kupandia, hilo ni kweli, nimekaa ndani yake nimeona. Lakini ukiwa unateremka na umeachia mafuta, tabo imelala, haikusaidii kitu. Kinachokushikilia hapo ni ukubwa wa injini yenyewe na gia uliyoweka. Injini kubwa isiyo na tabo inapanda kama mzee wa kanisa, pole pole na malalamiko, lakini ukiteremka nayo gia ya pili inalia na kukung'ang'ania kama mama anayevutwa kwenye kaburi la mwanawe. Mimi nataka hiyo inayong'ang'ania. Na ujue jambo jingine ambalo Gwakisa hakukwambia, au halijui: tabo iliyotoka kupanda mlima ina moto ndani. Ukiizima ghafla pale juu kabla haijapoa, oili inakauka kwenye vyuma vyake na inaanza kufa. Katika injini zote, hiyo ndiyo isiyotaka kabisa kuzimwa kileleni.

Ndiyo, nimesema kuzimwa kileleni. Umeelewa ninakokwenda.

Ijumaa iliyopita uliendesha ile pikapu ya bosi wa Gwakisa wewe mwenyewe, Gwakisa akiwa abiria. Nilikuwa na ungo mkononi. Nikanyanyua macho nikakuona umeshafika, umesimama mbele yangu, kiwiko dirishani, unacheka. Nilikuuliza, "Umezima wapi?" Ukasema, "Mama, mbona hata mafuta siku hizi yamejaa kila kituo, nani azime?" Hukunijibu nilichouliza. Na nyuma, chini ya turubai, nililiona dumu. Dizeli imejaa vituoni, ndiyo, lakini bado ni ya bosi, na ya mteremko bado ni ya dereva. Nilidhani desturi ile ilizikwa na baba yako. Kumbe ilikuwa inasubiri mkue. Niliingia ndani nikaweka sahani, nikasahau kutia mboga, mpaka ukaniuliza kama nina homa.

Sikuwa na homa. Ninaogopa. Naogopa kwa namna ambayo siwezi kuiombea hata kanisani, maana nikifumba macho naiona pikapu. Wewe ukiwa na gari lako mwenyewe, mafuta ya mteremko yatakuwa yako halali kabisa, hutamwibia mtu yeyote, na hapo ndipo utakapozima kwa moyo safi. Methali ya asiyesikia la mkuu sitakuandikia. Umelisikia tangu chekechea na halijakuzuia kitu.

Nina ombi jingine, utaliona geni. Usininunulie dabo kebini, ile yenye viti vya nyuma. Najua vijana mnaipenda, mnakaa watano mnasikiliza muziki, lakini bodi lake la nyuma ni fupi. Ukiwa na pikapu hapa kwetu hutabeba mpunga na kokoa peke yake. Usiku wa mvua utagongewa mlango, kuna mjamzito, kuna mzee ameanguka, na siku nyingine kuna aliyekwisha kufa hospitali anayetakiwa kurudi kwao. Hutakataa. Hakuna aliyewahi kukataa hapa akaendelea kusalimiwa. Baba yako mwenyewe aliwabeba wengi. Siku yake, akirudishwa kutoka hospitali kule juu, pikapu iliyopatikana ilikuwa na bodi fupi, wakafungua mlango wa nyuma, jeneza likatokeza nje, na vijana wawili walilishika kwa mikono njia nzima lisiteleze. Mimi nilikaa mbele, pale katikati. Dereva aliteremka na gia ya kwanza, injini ikipiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani, na nilimchukia kwa zile kelele. Nilifikiri hana heshima ya msiba. Sasa najua yule ndiye dereva pekee siku ile aliyekuwa na akili. Chukua bodi refu.

Bibi yako wa Ikombe ametuma chungu kipya kwa mtumbwi, kipo jikoni. Amesema ukipikie chakula chako cha kwanza Mbeya. Kifunge vizuri kwenye nguo zako, kisije kikafika vipande.

Nimeacha kidogo, nimerudi. Nilikuwa naandika hayo ya chungu nikasikia mtu anacheka, nikainua kichwa, na wewe ulikuwa umesimama mlangoni na mkungu wa ndizi za shangazi yako begani. Ukaniuliza, "Mama, unamwandikia nani?" Nikasema mjomba wako. Nyuma yako pikapu ya Gwakisa ilikuwa imesimama barabarani, milango wazi. Tangu mchana nilikuwa nimetega sikio, Lusajo, kila gari lililoteremka nimelisikia toka kona ya juu, lori, basi, hata pikipiki ya mwalimu. Yenu sikuisikia.

Sasa unaoga, unaimba. Una sauti ya baba yako, hilo sijawahi kukwambia kwa sababu ungeimba mchana kutwa. Pesa ya gari ninayo kiunoni, imefungwa kwenye khanga. Muda huu mfupi nimefikiri kukunyima. Nimefikiri niseme imeibwa, niseme mjomba wako ameghairi mchango wake, niseme naumwa. Lakini nikikunyima utaendesha la Gwakisa, na la Gwakisa lina tabo, lina mkanda, na linakuja kimya. Afadhali uteremke na injini niliyokuchagulia mimi. Nitakupa kesho kituoni, na barua hii ndani yake, uisome basi likishaondoka, ili usipate nafasi ya kunituliza.

Siku utakayorudi na pikapu nitakuwa hapo nje napepeta. Sitakuuliza umeteremka na nini. Nitakuuliza umefikaje, na samaki watakuwepo hata ukija mikono mitupu. Weka gia ya pili kuanzia kule juu, uache ilie kona zote, majirani walalamike, mbwa wabweke. Nikiisikia nitasimama barabarani nikupungie mikono yote miwili, na nitacheka mpaka unionee aibu. Lakini likija gari kimya, mwanangu, hata kama ni wewe, hata kama unacheka dirishani, mikono yangu itabaki kwenye ungo.

Mama yako